ROKI YA WASIO NA BOSI: Albamu nane zilizoninyima usingizi mwaka 2024

Najua ukisikia neno roki, picha inayokujia kichwani ni ya mzungu mwenye nywele hadi kiunoni, suruali imechanika magotini, anapiga ukelele kama kaumwa na nge. Sikulaumu. Hata kijiweni kwetu Sinza, nikiwasha tu sabufa yangu washikaji wanaanza: "Mzee wa kelele huyoo! Hebu weka muziki wa watu bwana!"

Basi leo najitetea kwa maandishi. Nimechagua albamu nane za mwaka 2024, nimezipanga kuanzia ya nane mpaka ya kwanza, na kila moja nitakwambia ilinifanya nini. Ukimaliza kusoma na bado unaona ni kelele tu, tutaheshimiana.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Roki ninayoizungumzia hapa wenyewe wanaiita "indi". Neno hilo limekatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Sisi ambao wazee wetu waliimbishwa kujitegemea tangu darasa la kwanza tungepaswa kulielewa kabla ya wengine wote!

Maana yake ni hivi. Sehemu kubwa ya biashara ya muziki duniani imeshikwa na makampuni matatu: Universal, Sony na Warner. Wana indi ni wale wanaofanya mambo yao nje ya hao wakubwa. Wengine wako na kampuni ndogo ndogo, wengine wanajirekodi chumbani na kujiuzia wenyewe. Hela ya kujaza mji mabango hawana, lakini wimbo ukitoka, umetoka jinsi walivyoutaka wao.

Pili, hii habari ya "muziki wa wazungu". Kwa taarifa yako, Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Zanzibar, Septemba 5, 1946. Na kama hoja yako ni kwamba maneno huyaelewi, mbona baba zetu walimcheza Franco na TP OK Jazz mpaka majogoo, wakati Kilingala chenyewe walikuwa hawakijui zaidi ya "bolingo"? Gita likilia vizuri halihitaji mkalimani.

Sheria zangu ni mbili. Albamu lazima iwe imetoka nje ya wale wakubwa watatu. Ndiyo maana English Teacher, vijana wa Leeds waliobeba tuzo ya Mercury kule Uingereza Septemba 2024, hawamo humu ingawa nawapenda ile mbaya. Wao wako na Island, na Island ni ya Universal. Sheria ya pili, niwe nimeisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kuruka wimbo, siyo chini ya mara tano.

Haya, twende kazi.

8. "ROMANCE" – Fontaines D.C.

Hawa ni vijana watano waliokutana chuo cha muziki mjini Dublin, Ireland. Hizo herufi D.C. ni kifupi cha Dublin City, na Fontaines limetokana na Johnny Fontane, yule mwimbaji wa kwenye filamu ya The Godfather. "Romance" ni albamu yao ya nne, ilitoka Agosti 23, 2024 kupitia kampuni ya XL ya London.

Kibao kilichonimaliza ni "Starburster". Mwimbaji wao, Grian Chatten, alishikwa na hofu kali ya ghafla akiwa stesheni ya treni ya St Pancras, London. Ile hofu ambayo moyo unakwenda mbio na pumzi haitoshi, unadhani unakufa hapo hapo. Alichofanya ni kuigeuza kuwa wimbo. Kwenye kiitikio anavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyetoka chini ya maji, na ile pumzi imekuwa sehemu ya mapigo.

Wewe ambaye umewahi kusimama kwenye daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni, kwapa la jirani liko puani, gari haliendi na dirisha limegoma kufunguka, hiyo pumzi utaielewa bila kufafanuliwa.

Kwa nini ya nane? Kwa sababu katikati inapoa kidogo. Lakini mwisho wanakuja na "Favourite", wimbo mtamu kama Jumapili ya likizo, unawasamehe yote.

7. "TIGERS BLOOD" – Waxahatchee

Usitishwe na jina. Waxahatchee ni kijito kilichopo Alabama, Marekani, karibu na alikokulia dada Katie Crutchfield. Akakichukua kikawa jina lake la kazi. Albamu yake ya kwanza chini ya jina hilo, iliyotoka 2012, aliirekodi nyumbani kwa wazazi wake. "Tigers Blood" ilitoka Machi 22, 2024 kwa kampuni ya ANTI-.

Na hilo jina la "damu ya simba milia" wala siyo la kutisha. Ni ladha ya barafu iliyosagwa ambayo watoto wa kule wanamwagiwa sharubati nyekundu, wakimaliza midomo yote inabaki myekundu. Fikiria mtoto aliyetoka kula ubuyu wa rangi, ndiyo hivyo hivyo.

Nyimbo nyingi za mapenzi duniani ni za kukutana au kuachana. Dada Katie anaimba kuhusu kukaa. Mnagombana, mnanuniana, mnachoshana, halafu asubuhi mtu anachemsha chai ya wawili kama kawaida. Sikiliza "Right Back to It": banjo inatekenya taratibu, sauti ya kike na ya kiume zinatembea pamoja bila kukanyagana miguu. Hiyo ya kiume ikumbuke, maana mwenyewe yuko mbele kidogo kwenye orodha hii.

Crutchfield aliacha pombe mwaka 2018, na mimi naona inasikika. Anaimba kama mtu aliyeamka mapema, akafungua madirisha.

6. "BRIGHT FUTURE" – Adrianne Lenker

Siku hiyo hiyo, Machi 22, 2024! Sijui walipangana. Lenker ni sauti kuu ya kundi la Big Thief, lakini hii ni yake binafsi, imetoka 4AD. Yeye na wanamuziki wenzake wachache walijichimbia kwenye studio iliyoko msituni, wakarekodi kwa mashine ya kanda kama enzi za babu zetu. Hakuna kompyuta ya kunyoosha sauti iliyopinda. Vidole vinasikika vikiteleza kwenye nyuzi.

Wimbo wa kwanza, "Real House", umejengwa juu ya piano na sauti. Anamkumbuka mama yake na utoto wake. Anafika mahali anaeleza siku mbwa wao wa nyumbani alipokufa, na kwamba hapo ndipo alipomwona mama yake akilia kwa mara ya kwanza.

Najua unacheka. Mbwa! Huku kwetu mbwa akifa anatupwa bondeni, maisha yanaendelea. Lakini hebu muache mbwa, jiulize: wewe mara ya kwanza kumwona mama yako analia ilikuwa lini? Nilipojiuliza hivyo nilizima taa nikakaa gizani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, siku tuliyotolewa vitu nje na mwenye nyumba.

Ukitaka kumlegeza mtu mwenye moyo mgumu, mwekee hii usiku, sauti ndogo.

5. "MANNING FIREWORKS" – MJ Lenderman

Huyu hapa mwenye ile sauti ya kiume. Mark Jacob Lenderman, kijana wa Asheville, North Carolina, kazaliwa 1999. Kabla muziki haujaanza kumlipa alikuwa anauza aiskrimu dukani. Umeona? Wenye vibarua tuna mtetezi!

Albamu ilitoka Septemba 6, 2024 kwa ANTI-, ina nyimbo tisa, na vyombo vingi humo kavipiga mwenyewe. Magitaa yake yanakokota miguu kama mtu aliyelala saa tatu tu. Nyimbo zake zimejaa wanaume wanaojikweza huku maisha yamewashinda. Anayejisifia saa yake ya mkononi huku nyumbani ameachwa ni mmoja wao. Unamcheka huyo mtu, unamcheka, halafu ghafla unamjua. Ni kaka yako. Au ni wewe mwenyewe mwaka mmoja baadaye usipoangalia.

Onyo: wimbo wa mwisho, "Bark at the Moon", una dakika kumi, na nyingi kati ya hizo ni mngurumo mtupu wa magitaa. Mara ya kwanza nilidhani sabufa imekufa. Siku hizi ndiyo sehemu ninayoisubiri.

4. "NOBODY LOVES YOU MORE" – Kim Deal

Hapa, msomaji wangu, shikamoo kwanza. Mama huyu alizaliwa 1961. Alipiga besi kwenye kundi la Pixies, akaongoza The Breeders, vijana wa Marekani na Uingereza wakajifunza kwake kwa miaka mingi. Na albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe kaja kuitoa Novemba 22, 2024, akiwa na miaka 63! Sasa wewe wa miaka 24 unayesema muda umekuacha, keti chini.

Kim Deal alirudi kwao Dayton, Ohio, kusaidia kumtunza mama yake aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau. Siku moja mama huyo alimkuta kwenye korido, akamwangalia, akamuuliza kama yeye ni wake. Mtoto wa kumzaa! Swali hilo likawa wimbo, "Are You Mine?". Ukiusikiliza bila kujua kisa utadhani ni wimbo wa mapenzi ya ujanani, tena wa kuchezea taratibu harusini.

Bibi yangu mzaa mama yuko Korogwe. Mwaka 2023 nilikwenda kumwona, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri kabisa, akanikaribisha chai. Halafu akauliza: "Na wewe mjukuu wangu, ni mtoto wa nani?" Nikamjibu. Baada ya dakika kumi akauliza tena, kwa upole ule ule. Sikuwa na maneno ya kuisimulia siku ile mpaka niliposikia mama wa Ohio ambaye hata Korogwe haijui kaisimulia vizuri kuliko mimi.

Sasa ndiyo uniambie huu ni muziki wa nani.

3. "TO ALL TRAINS" – Shellac

Albamu ya Kim Deal kwa sehemu kubwa ilirekodiwa na fundi mitambo mmoja aitwaye Steve Albini, ambaye ndiye huyo huyo aliyerekodi "Surfer Rosa" ya Pixies iliyotoka mwaka 1988. Albini alikuwa pia na kundi lake la watu watatu, Shellac. Walikuwa hawajatoa albamu ya studio tangu 2014. Ya safari hii ilipangwa kutoka Mei 17, 2024 kupitia Touch and Go ya Chicago.

Mei 7, siku kumi kabla, Albini alifariki kwa mshituko wa moyo. Alikuwa na miaka 61.

Albamu ilitoka siku ile ile iliyopangwa. Ina chini ya dakika thelathini, mikavu, inakata kama msumeno, hakuna tone la sukari. Wimbo wa mwisho unaitwa "I Don't Fear Hell", yaani siogopi jehanamu. Alishaurekodi kitambo, hakujua. Niliusikiliza mara ya kwanza saa nane usiku nikiwa peke yangu, na vinyweleo vilinisimama.

Lakini Albini nimemweka hapa kwa jambo jingine pia, na hili naomba kila anayeimba mtaani kwenu alisome.

Mwaka 1993 aliandika makala kuhusu mikataba ya muziki. Akachukua mfano wa kundi linalosaini na kampuni kubwa na kuuza nakala robo milioni. Akapiga hesabu mstari kwa mstari: studio, prodyuza, meneja, mwanasheria, video, basi la ziara, kila kitu. Mwisho wa hesabu, kampuni imebaki na dola 710,000. Kila mwanamuziki amebaki na dola 4,031 na senti 25, na kundi bado linadaiwa! Theluthi ya ambacho wangepata, kwa maneno yake, wakiuza dukani.

Yeye mwenyewe hakuwa akichukua mrabaha kwenye kazi za watu alizozirekodi. Hata Nirvana walipomwita kurekodi "In Utero" ya mwaka 1993, aliwaandikia kwamba alitaka alipwe kama fundi bomba: anafanya kazi, analipwa mara moja, anaondoka. Nyimbo ni za waliozitunga. Na hiyo Touch and Go ilijulikana kwa kugawana faida nusu kwa nusu na wanamuziki wake, makubaliano ya kupeana mkono tu.

Kwa nini nalisema hili kwa uchungu? Nina mshikaji wangu, jina naliweka kapuni. Anaimba, tena anaimba kweli. Mwaka 2022 jamaa fulani wenye studio walimpa mkataba wa kurasa tisa, Kiingereza kitupu, asaini siku hiyo hiyo. Alipewa nauli na chipsi kuku. Wimbo wake ukapigwa mpaka kwenye bajaji. Yeye mfukoni hakuona kitu, na akitaka kuuimba kwenye kipaimara cha mdogo wake inabidi aombe ruhusa. Wimbo alioutunga akiwa kwenye kitanda chake mwenyewe!

Tuendelee, maana nikikaa hapa nitaharibu siku.

2. "DIAMOND JUBILEE" – Cindy Lee

Cindy Lee ni jina la jukwaani la Patrick Flegel wa Canada, ambaye zamani alikuwa na kundi la Women la Calgary. Machi 29, 2024 alitoa albamu ya nyimbo 32, saa mbili na ushee. Jinsi alivyoitoa ndiyo bomba lenyewe.

Hakuiweka Spotify. Hakukuwa na video ya kifahari wala mabango. Aliiweka YouTube kama kipande kimoja kirefu, na kwenye ukurasa wa intaneti wenye sura ya kizamani ambapo mtu angeweza kuichukua, na kama ana moyo, kumtumia dola 30 za Canada. Basi! Halafu watu wakaanza kuambiana. Jarida la Pitchfork likaipa alama 9.1 kati ya 10, alama ambayo ni nadra kwao kwa albamu mpya. Mtu ambaye hakuitangaza albamu yake akawa gumzo la mwaka.

Kumbuka pia kwamba tangu mwaka huo huo wa 2024, Spotify haulipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa mwanamuziki mdogo maana yake ni nini? Mashabiki wako mia tatu wa kweli, wanaojua kila neno lako, wanaweza wasikupe hata senti. Cindy Lee akaona bora mia tatu hao wamfuate nyumbani.

Muziki wenyewe? Fikiria redio ya mbao ya babu, saa saba usiku, inashika stesheni ya mbali. Sauti inakuja na kupotea. Akinadada wa miaka ya 1960 wanaimba mapenzi, gita linalia nyuma kama liko chumba cha tatu, na huna hakika kama unasikia au unaota. Mimi niliichukua kwa bando la usiku kwa siku mbili, simu ikiwa juu ya dirisha ili ishike mtandao. Nilipoanza kuisikiliza sikulala.

Ni ndefu, ndiyo. Lakini hata arusi ni ndefu, na hakuna anayelalamika kama chakula kipo.

1. "FUNERAL FOR JUSTICE" – Mdou Moctar

Tumefika kileleni, na kileleni yupo Mwafrika. Asante sana!

Mdou Moctar ni Mtuareg wa Niger. Jina lake halisi ni Mahamadou Souleymane. Nyumbani kwao walikuwa watu wa dini, gita la umeme halikupendwa. Kijana akafanya nini? Akachukua mbao, akachukua waya za breki za baiskeli, akajitengenezea gita lake. Anapiga kwa mkono wa kushoto, na hatumii kile kipande cha plastiki wanachokwaruzia nyuzi wapiga gita wengine. Vidole tu.

Nyimbo zake za kwanza alizirekodi mwaka 2008 kule Sokoto, Nigeria. Hazikuuzwa dukani. Zilisafiri kwenye kadi za simu: dereva wa lori anamrushia abiria, abiria anamrushia shemeji, mpaka jangwa zima likawa linaziimba. Si ndiyo mchezo wetu huu huu tuliokuwa tunaucheza kwa bluetooth shuleni? Mmarekani mmoja aliyekuwa akikusanya nyimbo za kwenye simu za Sahara ndiye aliyezisikia na kumtafuta.

Mwaka 2015 alicheza filamu iliyoigwa kutoka "Purple Rain" ya Prince, kwa lugha yao ya Kitamasheki. Kasheshe ni kwamba Kitamasheki hakina neno la rangi ya zambarau. Ikabidi filamu iitwe mvua ya rangi ya bluu yenye wekundu kidogo ndani yake. Sisi wenye miti ya zambarau tungewaazima neno.

Sasa albamu. "Funeral for Justice", yaani mazishi ya haki, ilitoka Mei 3, 2024 kwa kampuni ya Matador. Ukibonyeza tu kitufe, unapigwa. Gita linaingia kama gari lisilo na breki linaloshuka Kitonga. Kama unapenda sebene, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo mpiga solo anaachiwa uwanja, basi hapa ni sebene tangu dakika ya kwanza, tena sebene iliyokasirika. Nyuma yake ngoma zinakimbia, rizimu haiyumbi, besi inapigwa na Mikey Coltun, Mmarekani ambaye ndiye pia prodyuza.

Na anaimba nini? Anawauliza viongozi wa Afrika wanamtumikia nani. Wimbo mmoja unaitwa "Oh France", na kumbuka uranium ya Niger imechimbwa na kampuni ya Kifaransa kwa miongo mingi huku vijiji vingi vikilala gizani. Mwingine anawasihi Watuareg wasiiache lugha yao ikafa. Hilo la lugha linatuhusu na sisi tunaoona aibu kuongea Kisambaa au Kihehe mbele za watu wa mjini.

Haya hayakuwa maneno ya kujipamba. Julai 26, 2023 jeshi lilipindua serikali ya Niger wakati kundi likiwa kwenye ziara Marekani. Mipaka ikafungwa, anga ikafungwa. Wakakwama ughaibuni, familia ziko nyumbani, wakalazimika kuwaomba mashabiki wawachangie. Katika kukwama huko wakazirekodi upya nyimbo hizi hizi kwa magitaa makavu yasiyo ya umeme, polepole, kama watu waliokaa matanga. Hiyo ya pili ilitoka Februari 2025, inaitwa "Tears of Injustice". Zisikilize zote mbili kwa kufuatana. Ya kwanza ni hasira, ya pili ni kilio, na mazishi ni yale yale.

Kitamasheki sijui hata neno moja. Lakini nilipoiweka hii kijiweni Sinza jioni moja, hakuna aliyesema "zima kelele". Fundi viatu wetu, mzee aliyeshiba muziki wa dansi wa enzi za Mbaraka Mwinshehe, aliacha sindano, akasikiliza wimbo mzima, akauliza: "Huyu kijana ni wa wapi? Maana hilo gita linadai kitu."

Linadai kitu. Mimi na albamu zangu nane sijapata maneno mazuri kuliko hayo.

SASA WEWE UFANYEJE?

Kama ni msikilizaji tu, chagua moja kati ya hizi. Usianze na ya dakika mia na ishirini, utanitukana. Anza na Mdou ukiwa na hasira, na Kim Deal ukiwa umemkumbuka mama.

Kama unaimba, uwe wa singeli, bongo fleva au kwaya, nisikilize vizuri. Hawa wote nane si matajiri wa kutisha. Wanachonifundisha ni kwamba mtu anaweza kutengeneza gita kwa waya wa baiskeli, au kurekodi nyumbani kwa mama yake, au kusubiri mpaka miaka 63, na bado wimbo ukabaki wake. Kwa hiyo ukiwekewa karatasi mbele uulize maswali matatu kabla ya kugusa kalamu. Wimbo utakuwa wa nani? Kwa miaka mingapi? Na hizo gharama wanazosema watakulipia, zitakatwa kwenye fungu la nani? Kama ni Kiingereza, beba karatasi nyumbani, tafuta mtu akusomee. Anayekwambia saini leo leo ana sababu yake. Na kazi yako kaiandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ipo kwa ajili hiyo.

Yule mshikaji wangu nilimwandikia hesabu ya Albini kwenye daftari la mraba, kwa shilingi badala ya dola. Aliiangalia muda mrefu bila kusema neno. Siku hizi anarekodi chumbani kwake, godoro kaliegemeza ukutani kuzuia mwangwi, shuka dirishani. Ana nyimbo nne mpya. Ukitaka unamtumia hela kwenye simu, naye anakutumia wimbo. Hajawa tajiri, kwa mama ntilie bado ana deni. Ila mwezi uliopita aliimba kwenye send-off ya jirani yetu, nyimbo zake zote nne, na hakuomba ruhusa kwa mtu.

Tukutane wiki ijayo, nikiwa hai. Mjipende!